Gemu yako iende shindano gani? IGF, A MAZE., js13kGames na MAKISATU kwa mtengenezaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kijana mmoja wa Uyole alinijia mwezi wa Julai na laptopu aliyoivingirisha ndani ya sweta, siku ambayo kwa baridi ya Mbeya sweta lile alipaswa kulivaa yeye. Ndani mlikuwa na gemu aliyoihangaikia miezi saba: lori la viazi linashuka mlima Kitonga, breki zinachemka, utingo anapiga kelele, na mchezaji anaamua gia ya kushukia. Nilicheza mara kumi na moja. Mara tisa viazi viliishia korongoni. Kisha akaniuliza swali ambalo vijana wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huniuliza: "Kaka, hii niipeleke shindano gani?"

Alikuwa na shilingi laki tatu, na alitaka kuzitumia kulipia shindano la Marekani kwa sababu ndilo alilokuwa amelisikia. Sikumkataza wala sikumhimiza. Tulikaa tukayaweka mashindano manne mezani, moja baada ya jingine, tukayauliza maswali yaleyale. Nimeyaandika hapa kwa ajili ya wengine waliokwama pale alipokwama yeye.

MASWALI YA KUPIMIA

La kwanza, ni nini hasa kinachopimwa? Kuna majaji wanaotafuta gemu iliyoiva, wengine wanatafuta wazo ambalo halijaonekana, wengine wanataka kuona ufundi wa mikono yako, na wengine wanauliza jamii itafaidika vipi. Gemu moja haiwezi kuwa bora mbele ya wote hao.

La pili ni gharama, na hapa uhesabu kila kitu: ada ya kuingia, bando la kupakia faili, nauli, viza. La tatu ni kalenda, yaani tarehe za shindano zinakukuta ukiwa wapi, chuoni, likizo au shambani.

La nne ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: ukishindwa, utabaki na nini? Wengi wanaoingia shindano lolote hawashindi. Hesabu ndivyo ilivyo. Miaka ya nyuma nililipia shindano moja la nje ambalo sitalitaja. Nilipakia faili ya karibu gigabaiti moja usiku kucha, umeme ukakatika mara mbili, nikaanza upya. Baada ya miezi nikapata barua ya mistari miwili ya kunishukuru. Sikujua kama gemu ilifunguka kwenye kompyuta ya jaji, sikujua walipokwama, sikujua cha kurekebisha. Fedha iliniuma kidogo; kutokujua kuliniuma mno. Tangu hapo, kabla ya kuuliza zawadi ni kiasi gani, nauliza aliyeshindwa anarudi nyumbani na nini.

La tano linatokana na hayo manne: linamfaa nani?

IGF, SAN FRANCISCO

Independent Games Festival lilianzishwa mwaka 1998, na tuzo za kwanza zikatolewa 1999. Sherehe hufanyika mwezi Machi ndani ya mkutano mkubwa wa watengenezaji wa gemu, Game Developers Conference, huko San Francisco. Tuzo yake kuu ina jina la mtu, na hadithi yake inafaa kujulikana. Seumas McNally alikuwa kijana wa Kanada aliyetengeneza gemu na familia yake. Mwaka 2000 gemu yao ya mbio za vifaru, Tread Marks, ilishinda tuzo kuu. Yeye alikuwa anaumwa saratani, na alifariki siku chache baadaye akiwa na miaka 21. Tuzo ikapewa jina lake, Seumas McNally Grand Prize.

Kinachopimwa: gemu nzima, na pia sehemu zake. Kuna tuzo za sanaa ya kuonekana, sauti, ubunifu wa mchezo na usimulizi. Ipo tuzo iitwayo Nuovo kwa kazi zinazovunja mazoea, na ipo ya wanafunzi. Mamia ya majaji hucheza na kupendekeza, kisha jopo la kila kipengele huchagua wanaotinga fainali. Wengi wetu hudhani kwamba gemu yenye Kitonga, viazi na utingo haitaeleweka huko. Orodha ya washindi inasema vingine. Mwaka 2024 tuzo kuu ilikwenda kwa Venba, gemu kuhusu mama Mtamili wa India aliyehamia Kanada, ambamo mchezaji anapika vyakula vya nyumbani kwao kwa kitabu cha mapishi kilichochanika. Mwaka 2021 ilikwenda kwa Umurangi Generation, ya mtengenezaji mwenye asili ya Kimaori (wenyeji wa asili wa New Zealand), na neno la kwanza la jina lake ni la Kimaori. Papers, Please, iliyoshinda 2014, ni gemu ya kukagua pasipoti mpakani. Mtu aliyewahi kupanga foleni Tunduma ataielewa dakika ya kwanza. Basi mhusika wako akisalimia "kamwene", mwache asalimie hivyohivyo. Weka maandishi ya Kiingereza pale mchezaji anapohitaji maelekezo, lakini usiifute Iringa ili kumpendeza jaji.

Gharama: ada ya kuingia imekuwa karibu dola 100 kwa gemu, yaani zaidi ya laki mbili za kwetu, na hulipwa kwa kadi. Ukitinga fainali unapewa pasi za mkutano, na pasi hizo zingekugharimu fedha nyingi kuzinunua. Ila kufika ni jambo jingine. Januari 2026 Marekani ilisitisha viza za ziara kwa Watanzania; kabla ya hapo ombi lilikuwa dola 185, hairudishwi ukikataliwa, na usaili ulikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Weka hesabu yako ukijua kwamba huenda gemu ikasafiri na wewe ukabaki.

Kalenda: dirisha la kuingia hufungwa miezi kadhaa kabla ya Machi, na waliotinga fainali hutangazwa mwanzoni mwa mwaka. Gemu si lazima iwe imekamilika. Fez ilipata tuzo ya sanaa ya kuonekana mwaka 2008 ikiwa bado inatengenezwa, ikarudi 2012 na kuchukua tuzo kuu.

Ukishindwa: unabaki na gemu uliyolazimika kuisafisha, video fupi ya kuitangaza na ukurasa wake, vitu ambavyo bila tarehe ya mwisho vijana wengi hawavimalizi. Pia kuna orodha ya waliotajwa kwa heshima, na jina lako likiwa humo linafungua barua pepe za watu. Lakini usitegemee kurudi na somo refu kutoka kwa majaji.

Linamfaa: mwenye gemu iliyochezwa tayari na watu wasiomjua, inayofunguka bila tatizo kwenye kompyuta tofauti, na ambaye ada ile haitamlaza njaa.

A MAZE., BERLIN

Tamasha hili lilianza Berlin mwaka 2008, na kuanzia 2012 lilikuwa pia na toleo la Johannesburg, kwa hiyo Afrika si ngeni kwao.

Kinachopimwa: ujasiri wa wazo. Gemu hapa hutazamwa kama sanaa, pamoja na kazi ambazo si rahisi hata kuziita gemu: chumba unachoingia, kifaa cha ajabu unachoshika, mchezo unaochezwa na watu wawili waliofumba macho. Nilipomweleza kijana wa Uyole, alisema, "Kwa hiyo nikiweka usukani wa kweli wa lori na pedali ya breki inayozidi kulegea?" Ndiyo, hiyo ndiyo lugha yao. Bao la mti lenye vihisi chini ya mashimo, kete zikidondoka na skrini ikajibu, lingekuwa nyumbani pale kuliko popote kati ya hizi nne.

Gharama: kazi ya namna hii ni ya kuonwa na kushikwa, kwa hiyo gharama kubwa ni safari, na usukani wa lori haupakiwi kwenye intaneti. Viza ya Schengen, ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima. Anayependa mkondo huu ila hana uwezo wa Ulaya aangalie pia Playtopia ya Cape Town, tamasha lililoanza 2018 lenye roho inayofanana na hii. Kwa ziara fupi ya Afrika Kusini, Mtanzania hahitaji viza, na kwa mtu wa Mbeya jambo hilo peke yake linaweza kuamua.

Kalenda: andaa maombi tangu mwanzo wa mwaka.

Ukishindwa: unabaki na kitu unachoweza kukiweka kwenye meza ya maonyesho popote. Ukiitwa kuonyesha hata bila kushinda, unaona mamia ya watu wakikishika mbele yako, na unajifunza kwa kutazama mikono yao.

Linamfaa: msanii, fundi wa vifaa, mtu ambaye rafiki zake wakiona kazi yake husema "sasa hii ni nini?" na yeye anafurahi. Kama gemu yako ni nzuri kwa njia ya kawaida, tafuta kwingine.

JS13KGAMES, POPOTE ULIPO

Hili nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo vijana wa huku wanalolijua kidogo kuliko yote.

Lilianzishwa mwaka 2012 na Andrzej Mazur wa Poland. Kanuni yake ni moja: gemu yako yote, ikishafungwa kwenye faili ya zipu, isizidi kilobaiti 13. Hizo ni baiti 13,312. Picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye simu inaweza kuwa kubwa mara kumi ya hapo. Gemu inachezwa kwenye kivinjari, na hairuhusiwi kuvuta chochote kutoka nje, si fonti, si picha, si maktaba ya mtu mwingine iliyoko kwenye seva.

Kinachopimwa: ufundi wa kubana na utamu wa mchezo, kufuatana na mada inayotangazwa siku ya kuanza. Mwaka 2020 mada ilikuwa 404, namba ya ukurasa usiopatikana. 2021 ilikuwa anga za juu. 2023 karne ya 13. Huwezi kupeleka gemu yako ya zamani, na hilo lilimhuzunisha kijana wa Uyole mwanzoni. Kisha tukakaa na karatasi. Mlima Kitonga wake ulikuwa picha kubwa aliyoichora kwa wiki mbili. Je, mlima si mstari unaopanda na kushuka? Mstari huandikwa kwa hesabu ya mawimbi, maneno machache tu ya msimbo. Lori ni mistatili mitatu na duara nne. Mngurumo wa injini? Kuna kijenereta cha sauti kinachoitwa ZzFX, cha Frank Force, ambacho hakifiki kilobaiti moja na kinatoa milio kwa kubadilisha namba tu. Usiku ule alielewa kitu ambacho miezi saba ya kupakua picha haikumfundisha: sehemu kubwa ya gemu yake ilikuwa mapambo, na kiini chake kilikuwa ni ile hofu ya breki.

Gharama: hakuna ada. Laptopu ya zamani yenye kivinjari na kihariri maandishi inatosha. Kupakia kilobaiti 13 hakumalizi bando la mtu yeyote, na umeme wa Tukuyu ukikatika kwa mvua, unachopoteza ni dakika. Kwa mtengenezaji wa kwetu sijaona kanuni ya shindano inayomweka sawa na mwenzake wa Tokyo kama hii.

Kalenda: 13 Agosti hadi 13 Septemba, kila mwaka. Maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale yanakwisha, siku chache baadaye mada inatangazwa. Wanachuo wengi wako likizo. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni vigumu zaidi, maana ratiba ya shule haisubiri, na kwa wa kidato cha nne mitihani inakuwa inabisha hodi.

Ukishindwa: hapa ndipo shindano hili linapong'ara. Washiriki hucheza na kupimana wao kwa wao, pamoja na majaji wataalamu, na huandikiana maoni. Mara yangu ya kwanza nilikuwa mbali sana na washindi, lakini nilipata maoni kutoka kwa watu waliokuwa wametoka kupambana na baiti zilezile. Mmoja aliniambia kitufe changu hakishikiki kwenye simu. Mwingine alisema dakika ya kwanza haimwambii mchezaji afanye nini. Nililifanyia kazi lile la pili kwa mwaka mzima. Tena msimbo wa kila gemu unawekwa wazi, kwa hiyo unaweza kufungua kazi ya mshindi na kuona alivyofanya.

Linamfaa: anayejua JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kivinjari) au aliye tayari kuijifunza, mwenye vifaa hafifu na hamu kubwa. Halimfai anayetegemea injini kubwa ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, wala mchoraji ambaye nguvu zake zote ziko kwenye picha. Na zawadi zake hazitabadilisha maisha yako. Usiingie kwa ajili ya fedha.

MAKISATU, DODOMA

Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu yalianza 2019 chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa ushirikiano na COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Si shindano la gemu. Nimeliweka hapa kwa sababu ni la nyumbani, na kwa sababu gemu inaweza kuingia ikiwa na kazi ya kufanya.

Kinachopimwa: tatizo gani la jamii unalitatua, na ubunifu wako unalitatua kweli? Lori la Kitonga kama burudani halitafika mbali. Lori la Kitonga linalomfundisha dereva mwanafunzi kwa nini breki hushindwa mteremkoni na kwa nini gia ndogo huokoa maisha, hilo ni jambo jingine. Lakini nakuomba, usiivishe gemu yako vazi lisilo lake. Jaji akikuuliza umeijaribu na madereva wangapi, uwe na jibu, na njia ya kulipata ni kwenda stendi ya malori ukiwa na laptopu, ukae nao.

Gharama: nauli ya Dodoma kwa basi haifanani hata kidogo na tiketi ya ndege, hakuna viza, na unajieleza kwa Kiswahili mbele ya watu wanaoijua Kitonga.

Kalenda: yafuatilie matangazo ya COSTECH na uulize chuoni kwako mapema. Washiriki hugawanywa kwa makundi: shule za msingi, sekondari, ufundi stadi, ufundi wa kati, vyuo vikuu, taasisi za utafiti, na mfumo usio rasmi. Kundi hili la mwisho ni muhimu kwa yule aliyejifunza mwenyewe kibandani kwake Mwanjelwa au Kihesa bila cheti chochote. Ana mlango wake, na haingii kwa hisani ya mtu.

Ukishindwa: umejulikana na watu wa hapahapa. Umezungumza na mwalimu anayeweza kuitaka gemu yako darasani, au ofisa anayejua mfuko fulani wa ubunifu. Maoni kuhusu gemu kama gemu, uchezaji wake na mwendo wake, usiyatarajie sana.

Linamfaa: mwenye gemu ya kufundishia, afya, kilimo au usalama, na mwenye subira ya kueleza gemu ni nini kwa mtu asiyecheza.

KABLA YA HAYO YOTE

Kama hujawahi kumaliza gemu hata moja, hakuna kati ya haya manne linalokufaa leo. Anza na Ludum Dare, iliyoanza 2002, ambako unatengeneza gemu kwa saa 48 peke yako au saa 72 na wenzako, bila ada. Au Global Game Jam, ambayo tangu 2009 hukusanya watu mwishoni mwa Januari. Hiyo haina mshindi kabisa, kwa makusudi. Godot, injini ya gemu iliyo huria tangu 2014, ni bure na faili yake ya kupakua haifiki megabaiti 200, kwa hiyo bando la wiki linatosha kuipata na kubaki na salio la kuangalia mafunzo.

KWA HALI YAKO

Wewe ni mwanachuo wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au wa Iringa, una likizo, huna fedha, unajua JavaScript kidogo: ingia js13kGames Agosti hii. Usisubiri uive.

Una gemu kubwa ya mwaka mmoja au miwili, imechezwa na watu wasio ndugu zako na wakaomba kuicheza tena: IGF ina haki ya kuiona. Kama ungali mwanafunzi, soma masharti ya kipengele cha wanafunzi kwanza. Kabla ya kulipa, ifungue kwenye kompyuta tatu tofauti, moja ikiwa ya mtu ambaye hajui kabisa ulichotengeneza, na usimsaidie anapokwama.

Unatengeneza vitu vya kushikwa, au wazo lako linagoma kukaa ndani ya skrini: andika kwa A MAZE., na uiweke Playtopia kama njia ya pili iliyo karibu.

Gemu yako inafundisha, na unataka itumike Makete na Rungwe kabla ya kuonekana kwingine kokote: MAKISATU.

Una gemu mbili za tabia tofauti? Zipeleke njia mbili tofauti. Ila gemu moja kuikimbiza mashindano manne kwa mwaka mmoja huichakaza, maana kila shindano litakuvuta upande wake. Na popote uendako, soma kipengele cha hakimiliki mpaka mwisho kabla hujabonyeza kukubali.

Yule kijana wa Uyole hakulipa ada ya IGF mwaka ule. Alinunua RAM, akatengeneza lori dogo la kilobaiti 13 kwa mwezi mmoja, akarudi na maoni aliyoyaandika kwa mkono kwenye daftari. Sasa lile lori kubwa la viazi halina tena ile picha ya mlima. Utingo amebaki, na kelele zake zimekuwa ndiyo njia pekee ya kujua breki zimefikia wapi. Nimelicheza tena. Bado viazi vinaishia korongoni, lakini sasa najua kosa ni langu, na nataka kurudia. Dirisha la IGF lijalo likifunguliwa, ana laki tatu nyingine kibubuni, na safari hii tutakaa pamoja kujaza fomu.